Cherehani Kuukuu za Perrin

Orpha Lindley hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba. Alikuwa na cherehani. Na kwa kuwa alikuwa na cherehani, alikuwa pia na chumba juu ya duka la mtengeneza matandiko ya farasi, na mlango wa chumba hicho ulikuwa na kufuli, na ufunguo wake Orpha aliuvaa shingoni kama wanawake wengine wa Perrin walivyovaa picha za waume zao.

Mtu asidhani ni jambo dogo. Mwanamke asiyeolewa katika mji ule alikuwa na pahali pamoja tu pa kuzeekea: jikoni kwa nduguye wa kiume. Huko angeitwa shangazi, angewekewa kitanda karibu na jiko, angelea watoto asiowazaa, na angekula baada ya wote kwa kisingizio kwamba hana njaa. Orpha alikuwa amewashonea sanda mashangazi wa namna hiyo, akaona kwamba hawakuacha nguo hata moja iliyoshonwa kwa ajili yao. Akaapa kwamba yeye atafia nyuma ya mlango wake mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa hivi. Theluji ilipoyeyuka, na tena mahindi yalipokwisha kuvunwa, kila nyumba yenye uwezo ilipeleka gari la farasi kumchukua. Mwanamume alipanda ngazi, akaibeba cherehani kwa heshima kama anayebeba mtoto mchanga kwenda kubatizwa, naye Orpha akafuata na kikapu chake. Alikaa katika nyumba hiyo wiki, pengine mbili, mpaka kila aliyekuwamo, kuanzia babu hadi aliyezaliwa juzi, awe na nguo za msimu. Alikula mezani pamoja na familia, akayasikia yote yaliyosemwa pale, na hakutoka nalo hata moja. Ndiyo maana walimwamini. Wanawake wa Perrin waligombana juu ya mchungaji, juu ya mipaka ya mashamba, juu ya nani anajua kukaanga kuku. Lakini juu ya kitambaa na uzi, Orpha akishasema, limekwisha.

Cherehani yenyewe aliinunua wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya Kaskazini na Kusini, kwa kushona kwa mkono mashati ya askari, shati juu ya shati, hadi viungo vya vidole vyake vikavimba na kukataa kunyooka. Tangu hapo sindano ya mkono ilimshinda. Angeweza pindo fupi, kifungo kimoja viwili, kisha mkono ukawa kipande cha mti. Ni miguu iliyomlisha sasa. Ilikanyaga, gurudumu likazunguka, nayo mashine ikafanya ile kazi ambayo vidole vilikuwa vimeiaga.

Mdogo wake, Lyman, alirudi kutoka vita hivyo hivyo na mkono mmoja. Mtu wa mkono mmoja halimi, hafui chuma, na ng'ombe humdharau akimkamua. Lyman akawa wakala. Alianza na vitabu: kitabu cha majemadari wa vita, Biblia kubwa yenye picha, na kitabu cha tiba ya nyumbani chenye sura ya magonjwa ya wanawake ambayo wanaume waliisoma kwa siri ghalani. Alizunguka na kielelezo cha kurasa chache, watu wakatia sahihi, vitabu vyenyewe vikaja baadaye kwa treni. Wenye midomo yao walisema si ulimi wa Lyman uliouza vitabu vile, bali mkono mtupu wa koti lake, ulioshikizwa kifuani kwa pini. Nani angeufungia mlango? Lakini huruma nayo hujaza rafu. Ikafika wakati kila nyumba ina majemadari wa kutosha kupigana vita vingine, na watu walipoliona gari lake likija walikumbuka ghafla kwamba wana kazi mashambani.

Ndipo akapata uwakala wa cherehani mpya. Kampuni ilimpa moja ya maonyesho, nyeusi, yenye maua ya dhahabu shingoni, akaipakia garini, akazunguka nayo kiangazi kizima. Hakuuza. Wanawake waliigusa, waliisifu, wakamkaribisha kahawa na kipande cha pai, kisha wakauliza swali lile lile. Orpha anatumia ipi?

Orpha alitumia ile yake ya vita, na nyumba nyingi zilikuwa na kuukuu za namna hiyo, ambazo wenye nyumba walizitumia kwa mataulo na viraka tu, kwa sababu uzi ulikatika kila mara na ni Orpha peke yake aliyejua kuzibembeleza.

Mahindi yalipoanza kukauka, Bwana Trask, msimamizi wa mawakala, alishuka kutoka treni ya Davenport. Alikaa hotelini, akamwita Lyman, akamweleza kwa upole kwamba Gustav Dierks, mwenye duka la vyuma, ameomba uwakala ule, na kwamba kampuni haina kinyongo na mtu ila haiwezi kulisha farasi wa maonyesho. Kisha akamfundisha jambo lililofaulu katika miji mingine. Wakala anapokea mashine kuukuu, anampunguzia mteja bei ya mpya, halafu siku moja mashine zote zilizopokelewa zinavunjwa kwa nyundo hadharani, katikati ya mji. Hakuna kuzitengeneza, hakuna kumwuzia mtu kwa bei ya chini. Watu waone kwa macho yao kwamba zama zile zimekwisha. Lakini lazima, alisema Bwana Trask, yule ambaye wengine humtazama ndiye aanze.

Katika kila mji alioutembelea Trask, mtu huyo alikuwa mke wa tajiri au mke wa mchungaji. Lyman alimjibu kwamba hapa Perrin mtu huyo ni dada yake Orpha.

Alimkuta Orpha chumbani, anatia uzi.

"Nikifungua mdomo tu, wananiuliza unatumia ipi," alisema. "Nimekuwa kama mtu anayehubiri dini ambayo mama yake haisali."

"Waambie natumia hii, na inashona."

Lyman akakaa kitandani, akamweleza yote, ya Dierks na ya Trask na ya nyundo. Orpha alisikiliza bila kusimamisha mguu. Alipolisikia neno la nyundo, gurudumu likasimama.

"Cherehani yangu ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Ni kuukuu."

"Hata mimi ni kuukuu. Mtanipeleka uwanjani?"

Lyman alicheka, kisha akaona kwamba dada yake hacheki. Akasogea karibu. Aliongea juu ya watoto wake, juu ya Philinda mkewe aliyekuwa na mimba nyingine, juu ya miaka yote ya kugonga milango ya watu na kofia mkononi. Hakuwa mwongo, Lyman. Machozi yake yalikuwa ya kweli siku zote, na hilo ndilo lililomfanya awe hatari.

"Nikiivunja, nashonea nini?" Orpha aliuliza.

"Hii ya garini. Ya maonyesho. Siku hiyo hiyo nitaipandisha hapa juu."

"Ya kuazima?"

"Yako."

"Yangu kabisa, Lyman?"

Uso wa Lyman ukabadilika, kama aliyepigwa kofi na mtu ampendaye. "Kwani mimi na wewe ni watu wa kuandikiana?"

Perrin ilikuwa mji wa sahihi: watu walitia sahihi kwa ajili ya Biblia, kwa ajili ya plau, kwa ajili ya kiti cha kanisani. Lakini damu kwa damu hawakuandikiana. Kumtaka ndugu yako akuandikie ilikuwa sawa na kumwita mwizi mbele ya kaburi la mama yenu. Orpha, ambaye hakuwahi kukata kitambaa bila kupima mara ya pili, aliona haya kupima hapo. Akasema atafikiri.

Kesho yake alikuja Philinda, na kapu la mayai, na tumbo lake mbele. Alipanda ngazi polepole, akatazama chumba pembe hadi pembe, kitanda kilichotandikwa, dirisha lenye pazia, kufuli. Alisema chumba ni kizuri. Akasema tena. Kisha akaketi na kusema alichokuja kusema.

"Wifi, sikuombi kwa ubaya. Wewe una ufunguo shingoni. Mimi nina watoto, na mume wa mkono mmoja, na huyo Mjerumani wa duka la vyuma anatupumulia kisogoni. Lyman akiupoteza uwakala huu tutahama kwenda kwa baba yangu Missouri, na hapo hutakuwa na ndugu hapa hata wa kukuzika."

Akayaacha mayai mezani. Orpha hakuweza kuyala.

Hata hivyo angeweza kukataa. Alijiambia hivyo baadaye, mara nyingi. Kilichomfunga si machozi ya Lyman wala mayai ya Philinda. Ni kwamba aliijaribu ile mashine. Lyman aliipandisha chumbani "uione tu", akaondoka, na Orpha akaikalia kwa chuki, akachukua kipande cha kitani, akakanyaga. Ilikwenda kama maji. Uzi haukukatika. Mshono ulikuwa mdogo, sawasawa, pande za juu na chini hazikutofautiana. Alijaribu sufu nzito, ikapita. Alijaribu hariri, haikujikunja. Akakaa akiitazama kazi hiyo mapajani mwake, na akajua kwamba mwanamke yeyote mwenye miguu miwili angeweza kushona kwa kitu hiki bila kumhitaji mtu wa kukibembeleza.

Mwenye macho haambiwi tazama. Aliona wazi mahali njia ile inapoelekea. Lakini alijitafutia faraja kama tufanyavyo sote. Alijiambia kushona si mshono, ni kukata. Ni kujua bega la mtu lina mwinamo gani. Hilo halimo ndani ya chuma chenye maua. Watamwita tu.

Jumapili, baada ya ibada, Bi Haskell, mke wa jaji, alimvuta kando penye magari. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi, lakini kwa Orpha alishusha sauti.

"Niambie kama unavyoniambia juu ya kitambaa. Jaji anasema ni hila ya wenye viwanda. Ni nzuri au si nzuri?"

Orpha angeweza kusema si nzuri. Lilikuwa neno dogo tu, na lingemwokoa. Lakini hakuwahi kumdanganya mtu juu ya uzi.

"Ni nzuri kuliko yangu," alisema.

"Nawe utaitoa yako?"

Nyuma ya bega la Bi Haskell, Lyman alikuwa amesimama karibu na farasi wake, anajifanya anakaza hatamu kwa mkono ule mmoja.

"Nitaitoa."

"Basi nami naitoa yangu," alisema Bi Haskell, akageuka, na kabla magari hayajatoka kanisani neno lilikuwa limeshawafikia wote.

Walichagua Jumamosi ya soko. Bendi ya mji ilikuja na matarumbeta yake, wanawake wa kanisa wakauza pai za tufaha, na Bwana Trask akasimama juu ya gogo mbele ya mahakama na kuhutubia juu ya maendeleo. Mashine kuukuu zilipangwa nyasini, nyingine zimefungwa utepe kwa mzaha. Ya Orpha ilikuwa mbele peke yake. Asubuhi ile alikuwa ameifuta vumbi na kuitia mafuta. Hakuwa na sababu. Mikono ilifanya kwa mazoea, na alipogundua anachofanya, alimalizia tu.

Alidhani Lyman ndiye atakayepiga. Lakini Bwana Trask alikuwa na desturi yake: mwenye mali apige pigo la kwanza. Akampa Orpha nyundo, kwa kuinama, kama anayempa shada la maua. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba ajihadhari asije akampiga nduguye akabaki bila mikono yote, na Lyman akacheka kuliko wote.

Vidole havikuweza kuufumbata mpini vizuri. Aliinyanyua nyundo kwa mikono miwili, akaiachia ianguke kwa uzito wake. Chuma kilitoa mlio, hakikuvunjika. Watu wakacheka tena, kwa wema, wakamwambia aongeze nguvu. Akapiga mara ya pili, na safari hii mkono wa mashine ushikao sindano ukapinda kidogo kuelekea upande, namna mtu anavyogeuza shingo akiitwa. Hakuweza zaidi. Mfua vyuma akaichukua nyundo kutoka mikononi mwake, akasema, "Pumzika, bibi," akaimaliza.

Baada ya hapo ikawa sherehe. Wanawake walisogea mmoja mmoja na za kwao, wakicheka na kusukumana. Bi Haskell alipiga pigo la kwanza kwa nguvu kiasi kwamba kofia ilimtoka. Rundo likakua. Siku ile Lyman alipata sahihi nyingi kuliko alizopata kwa majemadari wote, na jioni hiyo hiyo, kama alivyoahidi, aliipandisha mashine ya maonyesho chumbani kwa dada yake, akambusu kwenye paji la uso.

Majira ya baridi yale Orpha hakupumzika. Kampuni ilitoa ahadi kwamba kila anayenunua atafundishwa bure nyumbani kwake, na nani angefundisha isipokuwa yeye? Mashine zilipowasili kwa treni, alikwenda kila nyumba kwenye theluji, akakaa na wenye nyumba na mabinti zao, akawaonyesha kutia uzi, kupunguza mkazo, kugeuza kona. Walikuwa wepisi wa kujifunza. Walimwuliza na juu ya kukata, kwa kuwa yuko hapo hapo. Akawaonyesha, kwa kuwa wamemwuliza. Walimkorogea kahawa, wakamshukuru kwa moyo. Kwa kazi hiyo Lyman alimletea gunia la unga na nyama ya nguruwe ya chumvi, akasema mambo yakitengemaa watazungumza vizuri zaidi.

Theluji ikayeyuka. Orpha akapanga kikapu chake, akafunga kamba vielelezo vyake vya karatasi vya kukatia nguo, akakaa dirishani. Barabara ilikuwa tope, halafu ikakauka. Magari yalipita kwenda kwenye kinu na kurudi kutoka kwenye kinu. Hakuna lililosimama.

Mwishowe aliwafuata mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza, ingekuwa afadhali. Bi Haskell alimpokea barazani, akamshika mikono, akamwonyesha magauni ya mabinti yaliyotundikwa tayari, ya kitani cha bluu. Mabega yalikuwa yamekaa vibaya, mtu wa kazi angeliona hilo kutoka barabarani. Bi Haskell aliyaona ni mazuri. Akamwomba, maadamu amefika, aitazame mashine, inapiga kelele kidogo upande wa gurudumu. Orpha akapiga magoti sakafuni, akaondoa nyuzi zilizojisokota pale, akatia tone la mafuta. Alipewa pai aende nayo. Nyumba iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata, na akawa anarudi nyumbani na pai na mikono yenye mafuta.

Bado alikuwa na mashine yake. Alianza kuchukua kazi za waliobaki nje ya sherehe ile: vibarua wa reli, wajane, mashati ya wazee wasio na mtu. Ilikuwa kazi ya kulipia chumba tu, na siku nyingine haikutosha hata hicho. Lakini kufuli lilifungwa kutoka ndani, na yeye alikuwa ndani.

Basi mahindi yakapandwa, na Bwana Trask akaja tena. Lyman alikuwa ameuza kila nyumba iliyoweza kununua, na mtu aliyekwisha kumwuzia kila mtu hana tena cha kuuza. Kilichohitajika sasa ni duka: mahali pa kununua sindano, uzi, mafuta, na mtu wa mikono miwili wa kutengeneza zikiharibika. Kampuni haikuwa na kinyongo. Uwakala ukahamia kwa Gustav Dierks, pamoja na mali zote za uwakala.

Dierks alipanda ngazi za Orpha adhuhuri, akavua kofia, akakaa mlangoni bila kuingia. Alikuwa mtu mwenye haya. Watu wangemwita muungwana. Alieleza kwamba katika mali alizokabidhiwa kuna mashine moja ya maonyesho, yenye maua shingoni.

Orpha alimwambia ni yake. Alibadilishiwa na ile yake ya zamani, mji mzima ni shahidi.

"Mji uliona ikivunjwa, bibi," Dierks alijibu polepole. "Una karatasi?"

Wakamwita Lyman. Alikuja, akasimama katikati ya chumba, akatazama mbao za sakafu. Alisema alidhani. Alisema Bwana Trask alimfanya aelewe kwamba, baadaye, mauzo yakiwa mazuri, ingeachwa mkononi mwake. Alisema mashine haikuwa yake kuitoa, hilo ni kweli, lakini yeye moyoni mwake alikuwa ameshaitoa.

"Moyoni mwako," Orpha alisema.

Dierks alingoja kidogo, pengine kwa kutumaini kwamba yeyote kati yao ataongeza kitu. Akaibeba mwenyewe kushuka ngazi, akipumzika kila baada ya hatua chache, na Orpha akamshikia mlango kwa sababu ulikuwa na tabia ya kujirudi.

Alianza kutafuta kuukuu. Yoyote, hata iliyovunjika mguu, yeye angeibembeleza. Aliuliza Perrin, hakuna. Alipanda magari ya watu hadi vijiji vya ng'ambo ya mto, akauliza huko; walikuwa wamezileta zote kwenye sherehe, watu walitoka mbali siku ile kwa ajili ya pai na bendi. Alikwenda kwa mfua vyuma kuuliza lile rundo, akaambiwa liliuzwa kiwandani likayeyushwa zamani. Katika nchi ile yote ya mahindi, toka mto hadi reli, hakukuwa na cherehani ya mtu maskini hata moja. Zilizokuwapo zilikuwa mpya, na mpya hawapewi kwa malipo ya kidogo kidogo isipokuwa wenye waume au ardhi. Dierks alimweleza hilo mwenyewe, huku akipanga misumari ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa.

Orpha alijikaza kushona kwa mkono, kadiri vidole vilivyoruhusu, hadi mahindi yakafika kiunoni. Kisha mtengeneza matandiko, ambaye alikuwa amevumilia kupita desturi yake, alisema kuna kijana wa reli anaulizia chumba.

Philinda alimpokea bila masimango, na kwa hilo Orpha alishindwa hata kumchukia. Kitanda kiliwekwa kati ya jiko na pipa la unga. Watoto walimwita shangazi tangu siku ya kwanza, mara mia kwa siku. Mtoto mchanga alilala naye, kwa sababu pale palikuwa na joto. Wakati wa kula alisimama akihudumia, na mtu alipomwambia aketi alijisikia akijibu kwamba hana njaa.

Alikuwa anatia kiraka kwenye suruali ya mtoto siku Lyman alipoingia na uso ule wa matumaini mapya ambao Orpha aliujua tangu utotoni. Alitupa mezani kipande cha chuma kilichosokotwa, kimechongoka juu kama mkuki, kimepakwa rangi ya dhahabu.

"Vyuma vya radi," alisema. "Unavisimamisha juu ya paa, vinaishika radi na kuizika ardhini. Dada, angalia ghala zilizoko wilaya hii. Hakuna hata moja yenye kitu."

Orpha alisema vizuri. Alikuwa anajaribu kupitisha sindano kwenye tabaka mbili za nguo nzito.

Lyman akavuta kiti, akakaa karibu naye. Alieleza kwamba amekwenda kwa Haskell. Jaji anasema ni hila ya wenye viwanda. Bi Haskell anasema atasikiliza, lakini sharti Orpha awepo.

"Mimi najua nini juu ya radi?"

"Huna haja ya kujua. Ukae tu pale, na shali yako. Wakikuona umekaa, basi."

Sindano ilikwama katikati ya kitambaa. Orpha aliiacha, akamtazama nduguye moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Dierks.

"Baada ya yote yaliyotokea, Lyman, nani ataniamini?"

"Wote," alisema, na aliinama mbele, anang'aa, kwa sababu alikuwa amemletea dada yake habari njema. "Hakuna hata mmoja anayekulaumu. Cherehani zao zinashona vizuri kabisa, kama ulivyosema. Wanakuamini kuliko zamani."

Kutoka upande wa jiko Philinda alikuwa amekwisha kufuta mikono na kuitoa kofia ya Orpha msumarini. Alisema aende tu, farasi wameshafungwa, na hayo magoti ya suruali atayamalizia akirudi. Orpha alijaribu kuichomoa sindano, vidole vikakataa, akaiacha ndani ya nguo hivyo hivyo. Akasimama, akainua kidevu, ili wifi yake amfungie utepe.